Kuondoa vizuizi vya watumiaji kwenye seva ya pamoja ya Windows

Mtumiaji anapoingia kwenye seva ya pamoja akakuta diski C haionekani na Task Manager inakataa kufunguka, ilhali kwenye kompyuta yake ya mezani mambo yote ni sawa, chanzo kwa kawaida si akaunti yake bali ni seva yenyewe. Seva za aina hii mara nyingi huwashiwa mpangilio wa "loopback", ambao hufanya sera za mtumiaji (Group Policy, yaani kanuni ambazo msimamizi huziwekea akaunti na kompyuta) zitegemee mahali seva ilipowekwa ndani ya Active Directory, yaani orodha kuu ya watumiaji na kompyuta za shirika. Ndiyo maana msimamizi anayepekua sera za idara ya mtumiaji huweza kushinda kutwa nzima asione kitu.

Kwa hiyo usifute chochote kabla ya kujua kizuizi kimetoka kwenye sera ipi. Kwenye seva hiyo, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike gpresult /user jina /h C:\ripoti.html, ukiweka jina la mtumiaji ambaye amekwisha kuingia kwenye seva hiyo. Ripoti itaonyesha, kando ya kila kizuizi, sera iliyokileta.

Ukiipata, weka kwanza nakala yake ya akiba, kisha uamue ni nani hasa anayestahili kufunguliwa. Ikiwa ni wasimamizi peke yao, sera ibaki ilivyo: fungua sera hiyo ndani ya Group Policy Management, programu ya kusimamia sera, na kwenye kichupo cha Delegation bonyeza Advanced, ongeza kundi lao na uweke alama ya Deny kwenye Apply group policy. Ukipendelea kuliondoa kundi la Authenticated Users (wote waliothibitishwa kuingia, zikiwemo kompyuta) kwenye orodha ya wanaoguswa na sera, liachie ruhusa ya kusoma, kwa sababu tangu sasisho la usalama la Juni 2016 sera za mtumiaji husomwa kwa utambulisho wa kompyuta.

Ikiwa kizuizi kinaondolewa kwa watu wote, kwenye mpangilio wake ndani ya sera chagua Not Configured (haijapangwa), wala si Disabled (imezimwa). Disabled ni amri kamili, nayo inaweza kuishinda sera nyingine ambayo hukukusudia kuigusa.

Baada ya kuendesha gpupdate /force, amri ya kusoma sera upya, mtumiaji atoke na kuingia upya. Hapa ndipo wengi hukwama: kufunga dirisha kwa alama ya X hakumtoi mtu, bali kikao chake hubaki hai kwenye seva. Andika quser, amri inayoorodhesha vikao vilivyo kwenye seva; ukiona neno Disc (yaani kikao kimekatika ila hakijafungwa) mbele ya jina lake, chukua namba ya kikao hicho na uiandike baada ya amri ya logoff, baada ya kuhakikisha kwamba hana kazi ambayo hajaihifadhi, maana itapotea.

Kizuizi kikiendelea, ingia kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya mtumiaji huyo, chini ya HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer. Thamani ya NoDrives ikiwa 4, diski C imefichwa. NoViewOnDrive ndiyo inayozuia kuifungua. Windows husafisha yenyewe kilicholetwa na sera iliyoondolewa, hivyo thamani iliyosalia pale, ilhali ripoti haitaji sera yoyote, huenda iliandikwa kwa mkono au kwa skripti. Ifute, na ikirudi mtumiaji anapoingia tena, kagua skripti zinazoendeshwa wakati wa kuingia.