SOMO: Jinsi ya kuzunguka mji wa pwani kwa baiskeli, treni na feri ndani ya siku moja

Wadau salama? Hili somo limeombwa sana, kwahiyo leo naliweka hatua kwa hatua, mwenye swali aliweke hapo chini ntajibu. Mi naamini kabisa mji wa pwani ukiuzunguka kwa gari bado hujauona, maana barabara kubwa mara nyingi zimeipa bahari mgongo, lakini ukichanganya hivi vitu vitatu unapita mitaa ya ndani, unapita ufukweni, halafu unakuja kuutazama mji wote ukiwa majini.

HATUA YA 1: Anza na ratiba ya feri
Wengi wanaanza kupanga njia ya baiskeli kwanza. Anza na feri, kwasababu kati ya vyote vitatu ndo yenye safari chache, treni ikikupita inakuja nyingine, baiskeli inakusubiri wewe mwenyewe, ila feri ya mwisho ikishang'oa ndo basi tena. Chagua feri unayoitaka halafu panga siku kwa kurudi nyuma, na uwe umefika gatini kama dakika 20 kabla, maana feri nyingi nafasi ya baiskeli ni anayewahi ndo anapanda. Angalia San Francisco, watu wanavuka na baiskeli daraja la Golden Gate (lile la mwaka 1937), wanateremka mpaka Sausalito (mji mdogo ng'ambo ya pili), halafu wote wanataka kurudi na feri za jioni, sasa msimu wa wageni wengi foleni ya baiskeli pale gatini inakuwa balaa na kuna wanaoachwa. Anayerudi mapema wala hana presha. Na hakikisha ratiba unayosoma ni ya siku husika, Jumapili na sikukuu mara nyingi ziko tofauti.

HATUA YA 2: Jua sheria za treni
Hapa kila mji na lake. Copenhagen treni za mjini zinabeba baiskeli bure tangu 2010. Uholanzi unaikatia baiskeli tiketi yake, na siku za kazi kwa kawaida hairuhusiwi kuanzia saa 12:30 mpaka saa 3 asubuhi na saa 10 mpaka saa 12:30 jioni, ila ukiwa na baiskeli ya kukunja na umeikunja inahesabika kama mzigo tu. BART (treni za mjini za San Francisco) hawataki baiskeli kwenye behewa la kwanza. Kwahiyo soma kabla hujatoka nyumbani, sio unabishana na mhudumu mlangoni. Tumia lifti, ngazi za umeme achana nazo, waache watu washuke kwanza, na ukishaingia bana breki muda wote, treni ikipunguza mwendo ghafla baiskeli inakimbia yenyewe na pedeli inaishia kwenye mguu wa mtu.

HATUA YA 3: Upepo na maji
Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na ndo watu wanairuka. Mchana jua likiwaka nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, hewa ya nchi kavu inapanda juu na ile ya baharini inaingia kuziba nafasi, ndo maana asubuhi panaweza kuwa shwari na alasiri upepo unavuma kutoka baharini. Usiku inageuka. Sasa kama upepo wa siku hiyo unafuata ufukwe, weka baiskeli kwenye treni uende nayo kule upepo unakotokea, halafu urudi ukiendesha upepo ukiwa mgongoni. Treni ndo ipambane na upepo wa mbisho, sio magoti yako!

Maji nayo, sehemu nyingi yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yakipwa yanapwa haswa na daraja la kushukia kwenye feri linakuwa mteremko mkali, tena la chuma na limelowa, hapo hata uwe fundi vipi shuka ukokote.

HATUA YA 4: Ndani ya feri
Fuata anachosema baharia. Egemeza baiskeli ubavu wa chombo, ifunge kwa kamba au mpira. Ukitaka kuonja kabla ya safari ndefu, Amsterdam kuna vivuko vya bure nyuma ya stesheni ya Centraal, watu wanasimama tu na baiskeli zao mkononi, na New York feri ya Staten Island ni bure tangu 1997, kama dakika 25 hivi, baiskeli zinapanda kupitia sitaha ya chini.

HATUA YA 5: Ukirudi
Suuza baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, tia oili kwenye cheni siku hiyohiyo. Chumvi haisubiri kesho.

MASWALI

Swali: Mkuu baiskeli ya kukodi inafaa?
Jibu: Inafaa, ila uliza mpaka wa eneo lao kwanza, feri inaweza kukuvusha nje ya eneo na ukashindwa kuirudisha.

Swali: Naweza kuipiga kufuli kwenye bomba la feri nikapanda juu kupiga picha?
Jibu: Hapana ndugu yangu, mabaharia wanaweza kuhitaji kuisogeza haraka. Kamba inatosha, na kama una wasiwasi kaa nayo karibu.

Swali: Na ya umeme je?
Jibu: Ulizia kabla, sheria za betri zinatofautiana. Halafu kumbuka nyingi zinapita kilo 20, stesheni yenye ngazi tupu utaijua.

Swali: Nikipata pancha upande wa pili wa maji nafanyaje?
Jibu: Beba tyubu ya akiba, pampu ndogo na vile vyuma vya kubandulia tairi. Kabla hujaweka tyubu mpya pitisha kidole taratibu ndani ya tairi ukitafuta kilichotoboa, ufukweni mara nyingi ni kipande cha gamba la kome au chupa, ukikiacha humo tyubu mpya nayo inaenda. Ikishindikana kabisa kokota mpaka stesheni, ndo maana njia zangu huwa nazichora zisiwe mbali na reli.