Wanga wa muhogo kwenye mashine ya kufulia
Madobi wenzangu wa Mtwara na Lindi, muhogo tunao, wanga wa nguo tunaweza kujipikia. Ila msiumwage mbichi kwenye mashine! Vurugeni kwanza kwa maji baridi, mmimine kwenye maji yanayochemka huku mkikoroga mpaka uji ung'ae. Uchujeni kwa kitambaa, maana donge dogo tu huacha doa jeupe kwenye kanzu nyeusi.

Utieni kwenye suuza ya mwisho. Kamueni kwa kasi ndogo, la sivyo wanga mwingi unatoka na maji.

Na hili naliomba sana: mkimaliza, zungusheni mashine tupu kwa maji ya moto, mfute pia mpira wa mlango. Wanga ukilala humo kwa joto letu la pwani, unachacha, na nguo za mteja wa kesho zinabeba harufu.