Kutoka Mtaroni Hadi Meza ya Bajeti: Jinsi ya Kuchora Ramani ya Kidijitali ya Mtaa Wenu

Halmashauri zetu zimepiga hatua kubwa upande wa malipo. Leseni ya biashara inaombwa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ada inalipwa kwa simu ukishapewa namba ya malipo, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao chenye namba. Lakini mtaro ulioziba nyuma ya nyumba hiyohiyo yenye kibao hauonekani kwenye mfumo wowote. Afisa mipango akifungua kompyuta yake anaona nani kalipa na nani hajalipa, ila haoni maji yanapita wapi.

Mwongozo huu ni wa kuuonyesha mtaro huo. Nimeshiriki kuchora ramani pamoja na wananchi katika mitaa kadhaa ya Dar es Salaam, na ninaandika kwa ajili ya vijana, watendaji wa mitaa na wajumbe wanaotaka kuifanya kazi hii kwa simu zao wenyewe.

Njia yenyewe ina historia. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuliweka eneo lao kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mwaka 2011 wakazi na wanafunzi wakaichora Tandale, kata ya Kinondoni. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko yaliua makumi ya watu Dar es Salaam, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowaweka pamoja wakazi, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wachoraji wa Humanitarian OpenStreetMap Team. Mengi ya yafuatayo yalijaribiwa huko kwanza, watu wakiwa na matope miguuni.

Hatua ya 1: Chagueni swali moja

Msianze kwa kusema "tuchore kila kitu". Kaeni mwulizane ni jambo gani moja mnataka halmashauri ilitekeleze. Kwa mfano: maji ya mvua yanakwama wapi, na kwa nini? Au: gari la taka linashindwa kufika nyumba zipi? Mwongozo huu unafuata swali la maji, kwa sababu ndilo ninalolijua zaidi na ndilo linaloua.

Swali likiwa moja, dodoso linakuwa fupi, na dodoso fupi ndilo watu watakalolijaza kwa ukweli hadi nyumba ya mwisho.

Hatua ya 2: Pitieni ofisi ya mtaa

Nendeni kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kabla hamjapiga hata picha moja. Waelezeni mnakusanya nini, nani atakiona na kitatumikaje. Ombeni nafasi kwenye mkutano wa mtaa, mwaeleze wakazi wote hivyohivyo. Watu wa mabondeni wamezoea kuona wapimaji halafu wakasikia habari za bomoabomoa. Wana haki ya kuogopa. Kama hamna uhakika takwimu zitatumikaje, semeni hivyo hadharani, na jambo ambalo hamwezi kulilinda msilikusanye.

Hapo kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu. Kwa swali la mitaro hamhitaji jina la mwenye nyumba, namba yake ya simu wala namba ya NIDA. Namba ya nyumba na jina la barabara vinatosha.

Mkiwa hapo, waombeni wajumbe wa mashina wawaonyeshe mipaka. Katika orodha ya ngazi za serikali shina halimo, maana ngazi hizo zinaishia kwenye mtaa, lakini ndilo eneo ambalo mkazi analijua kwa sura na majina. Gawanyeni kazi kwa mashina. Mjumbe anajua kichochoro kipi kinapitika na kipi kiliwekwa ukuta mwezi uliopita.

Hatua ya 3: Andaeni ramani ya chini

Ramani ya chini ni ile yenye majengo na njia, ambayo data yenu itawekwa juu yake. Fungueni OpenStreetMap mtazame mtaa wenu. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ina majengo na njia tayari. Palipo wazi, chora juu ya picha za satelaiti kwa kutumia kihariri cha iD kwenye kivinjari. Jengo lichorwe kwa kufuata msingi wake, maana picha iliyopigwa kwa pembe husukuma paa pembeni.

Picha za droni ni bora zaidi. Kuanzia mwaka 2016 Zanzibar ilipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo, na vijana wa hapohapo ndio waliorusha. Lakini droni inahitaji vibali, na kuvipata kunachukua muda. Msiache kazi ya mtaani ikawasubiri.

Hatua ya 4: Tengenezeni dodoso

Tumieni KoboToolbox au ODK, programu za kujazia dodoso kwa simu. Zote zinafanya kazi bila bando: mnajaza mkiwa mtaani, mnatuma mkifika penye intaneti. Andikeni maswali kwa Kiswahili kile wanachozungumza wakazi.

Kwa mtaro ulizeni: upana wa juu, upana wa chini, kina, umejengwa kwa nini (saruji, mawe au udongo), hali yake (uko wazi, umeziba nusu, umeziba kabisa), maji yanaelekea wapi, na picha moja. Kwa kalavati pimeni kipenyo cha bomba, na kila upande pigeni picha yake. Mara nyingi mdomo mmoja ni safi huku wa pili umejaa mchanga, na anayepiga picha upande mmoja tu anarudi na habari ya uongo bila kukusudia.

Kwa mafuriko, msiulize "maji yalifika mita ngapi?" Hakuna aliyekuwa na rula usiku ule. Ulizeni yalifika wapi mwilini: kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua, au juu ya kichwa. Halafu mwombeni aonyeshe ukutani. Ukuta una kumbukumbu, na ule mstari wa udongo hubaki hata baada ya kupakwa chokaa mara moja. Pimeni kutoka ardhini hadi kwenye mstari kwa futi ya fundi, mwandike sentimita. Jibu la mwili linawasaidia kumwelewa mtu, kipimo cha ukutani kinamsaidia mhandisi. Chukueni yote mawili, na mkiona yanapishana sana, mwulizeni jirani.

Ulizeni pia ni mvua ya mwaka gani. Wengine watasema "ile ya mwaka mtoto wangu alipoanza shule". Andikeni hivyohivyo kwenye sehemu ya maelezo, mwaka mtautafuta baadaye.

Hatua ya 5: Tembeeni wawili wawili

Mmoja ashike simu, mwingine awe mkazi anayejulikana. Mwenye simu akienda peke yake anaonekana mpelelezi, na mkazi akienda peke yake anaandika yale anayoyajua tu. Anzeni saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali, na mbebe pawabenki, maana GPS inakula chaji.

Kabla ya kuhifadhi majira ya nukta (latitudo na longitudo yake), angalieni usahihi unaoonyeshwa. Subirini ushuke hadi mita 5 au chini yake. Kwenye vichochoro vyembamba vyenye mabati pande zote unaweza kukwama kwenye mita 15. Hapo sogeeni hadi penye uwazi, au wekeni nukta kwa mkono juu ya ramani ya chini mkitumia kona ya jengo kama alama.

Fuateni mtaro kuanzia juu kwenda chini, kama maji yanavyokwenda. Mkiufuata hivyo mtafika mahali unapoishia ghafla: umejengewa choo juu yake, au umekutana na barabara isiyo na kalavati. Pale simameni. Pigeni picha, pimeni, ongeeni na watu wa nyumba zilizopo. Katika kazi yangu sehemu hizo za mwisho ndizo zilizoeleza karibu mafuriko yote ya mtaa, na hakuna picha ya satelaiti inayoweza kuzionyesha.

Kila jioni tumeni data, mwikague mkiwa pamoja. Kosa la leo mnalikumbuka leo.

Hatua ya 6: Safisheni data kwenye QGIS

QGIS ni programu ya bure ya kutengeneza na kuchambua ramani. Pakueni data kutoka Kobo kama CSV (faili la jedwali) au GeoJSON (faili la ramani), mwifungue kama tabaka. Mambo mawili yatawasumbua.

La kwanza ni alama ya kutoa. Dar es Salaam iko kusini ya ikweta, hivyo latitudo yake ni karibu -6.8. Ikidondoka ile alama wakati wa kunakili kwenye jedwali, nyumba zenu zitatokea Ethiopia.

La pili linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kosa lake ni dogo kiasi cha kutoonekana. Simu inatoa majira kwa mfumo wa WGS 84 (msimbo wa EPSG 4326). Michoro mingi ya zamani ya upimaji na mipango miji nchini ilitengenezwa kwa Arc 1960, kanda ya 37 Kusini (EPSG 21037). Mkipewa mchoro wa halmashauri mkauweka juu ya data yenu bila kutaja mfumo wake, utasogea karibu mita 300. Mtaro utaonekana unapita kwenye uwanja wa shule, na mhandisi atawaambia data yenu ni mbovu. Bofyeni tabaka la mchoro, mweke mfumo wake sahihi, halafu mlihamishie kwenye WGS 84 kanda ya 37 Kusini (EPSG 32737), ambayo inapima kwa mita. Hakikisheni kwa kutazama kitu kisichohama, kama makutano ya barabara kuu.

Baada ya hapo uchambuzi ni mwepesi. Chora ukanda wa mita 10 kila upande wa mtaro, mhesabu majengo yaliyomo. Wekeni nukta za mafuriko kwa rangi kulingana na kina. Weka alama kubwa pale mtaro unapokatika. Mara nyingi jibu la swali lenu litakuwa limejitokeza kwenye kioo.

Mitaro, njia na majengo virudisheni kwenye OpenStreetMap ili vimsaidie kila mtu. Mtaro una lebo ya waterway=drain, na mstari wake uchorwe kuelekea maji yanakokwenda. Majibu ya kaya kuhusu mafuriko yabaki kwenu na ofisi ya mtaa.

Hatua ya 7: Rudisheni ramani mtaani, ikiwa karatasi

Katika mtaa mmoja tulimaliza kupima mitaro yote, data ikaingia kwenye kompyuta za mradi, nasi tukaondoka. Mwaka uliofuata nilipita tena, mama mmoja aliyekuwa amenionyesha mstari wa maji ukutani kwake akaniuliza, "Mwanangu, ile ramani yetu iko wapi?" Sikuwa na cha kumjibu. Tangu siku hiyo sikubali kazi ambayo bajeti yake haina fungu la kuchapisha.

Chapisheni kwenye karatasi kubwa ya A0 au A1, iwekwe plastiki, itundikwe ofisi ya mtaa. Majina yawe yale watu wanayotumia: "kwa muuza mkaa", "njia ya msikitini". Iteni mkutano, mtandaze nakala nyingine mezani pamoja na kalamu nyekundu. Wacheni watu wasahihishe. Watasema mtaro huu mmeugeuza, nyumba hii ilianguka, hapa kuna chemba mmeiruka. Masahihisho yote yaingizwe kwenye data kabla haijaenda popote.

Hatua ya 8: Ipelekeni kwenye mpango, kwa wakati

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Ramani ikifika halmashauri mwezi Mei, wanaweza kuisifu tu. Lengeni iwe tayari mwezi Oktoba, iingie kwenye vipaumbele vya mtaa, ipite Kamati ya Maendeleo ya Kata pamoja na diwani, ndipo ifike kwa afisa mipango na mhandisi.

Pelekeni ukurasa mmoja: ramani, picha mbili, na ombi lenye kipimo. Badala ya "tunaomba mitaro", andikeni: kalavati lenye kipenyo hiki, mahali hapa (namba ya nyumba iliyo karibu na majira ya nukta), limeziba, nyumba kadhaa zilizo juu yake hufurika hadi magotini, linahitaji kuzibuliwa kwa urefu huu. Mhandisi anaweza kulipigia hesabu ombi hilo siku hiyohiyo. Wapeni pia faili lenyewe la ramani la aina ya shapefile, lililo kwenye EPSG 32737, ili liingie moja kwa moja kwenye mfumo wao. Ombeni mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Halafu gawanyeni kazi. Kuzibua mtaro wa udongo ni kazi ya mtaa na kikundi cha usafi. Kujenga kalavati chini ya barabara si kazi yenu, na msikubali ramani itumike kuwasukumia.

Hatua ya 9: Rudieni baada ya masika

Andikeni tarehe ya upimaji kwenye kila ramani. Mwezi Juni, mvua zikikatika, rudini kwenye nukta zilezile, kwa dodoso lilelile, na kama inawezekana kwa watu walewale. Pimeni mstari mpya ukutani. Wekeni tabaka la mwaka huu juu ya lile la mwaka jana, mlichapishe, mlitundike pembeni ya lile la kwanza. Anzeni na kalavati mliloliombea fedha.