Kabla ya kuhamia kwenye wingu: jua plagini zipi zinatumika kweli

Somo hili ni la wanaotunza tovuti ya WordPress kwenye seva ya ofisini hapa Lubumbashi, na sasa wanataka kuipeleka kwenye wingu (seva za kukodi kwenye intaneti) ili umeme wa SNEL ukikatika wasomaji wasikose kitu. Mfano wetu ni tovuti ya shule. Plagini (programu ndogo inayoongezewa WordPress) kuwashwa hakumaanishi inatumika. Tena ile usiyoiona kwenye ukurasa wowote huenda ndiyo inayopokea minervali (ada za shule) za wazazi. Kwa hiyo tafuta alama ambazo kila plagini inaacha.

1. Tengeneza nakala ya majaribio. Weka mafaili na hifadhidata kwenye kompyuta nyingine. Kabla hujaigusa, ondoa humo funguo za malipo, za SMS na za barua pepe. Nakala yenye funguo halisi inaweza kuwatumia wazazi ujumbe wa kweli.

2. Toa orodha. Amri zote za hapa zinazoanza na `wp` ni za WP-CLI, programu ya kuendesha WordPress kwa laini ya amri.

`wp plugin list --fields=name,status,version`

Iweke kwenye jedwali lenye jina, kazi, mtumiaji na ushahidi. Zenye hali ya `must-use` (zinazojiwasha zenyewe) na `dropin` (faili linalochukua nafasi ya sehemu ya WordPress) ziandike pia. Hizo hazina kitufe cha kuzimwa kwenye dashibodi, ndiyo maana wengi huzisahau.

3. Pekua maandishi. Hapa ndipo kazi ilipo. Plagini nyingi huacha msimbo mfupi (shortcode) ndani ya mabano ya mraba. Mfano, plagini ya fomu ya Contact Form 7:

`wp db query "SELECT ID, post_title, post_status FROM wp_posts WHERE post_content LIKE '%[contact-form-7%' AND post_type <> 'revision'"`

Usipoweka sehemu ya `revision`, matoleo ya zamani ya kurasa yatahesabiwa na plagini iliyokufa itaonekana hai. Kama majedwali yako hayaanzi na `wp_`, amri ya `wp db prefix` itakuonyesha yanaanzaje.

Bloku nazo zina alama yake. Bloku ya WordPress yenyewe huandikwa `<!-- wp:paragraph -->`, bila mkwaju kati ya majina. Ya plagini huwa na jina lake, mkwaju, kisha jina la bloku.

Ukikosa kitu kwenye `wp_posts`, usiseme bado kwamba haitumiki. Elementor, plagini ya kutengenezea kurasa, huhifadhi kurasa zake kwenye `wp_postmeta`, chini ya `_elementor_data`. Wijeti ziko `wp_options`. Na mtengeneza tovuti anaweza kuwa aliita msimbo ndani ya mandhari (theme) yenyewe:

`grep -rn "do_shortcode" wp-content/themes/`

4. Tazama kazi za saa. `wp cron event list` huonyesha kazi zinazojiendesha. Saa zake ni za GMT, kwa hiyo ongeza mbili kupata saa ya Lubumbashi. Angalia lakini: plagini iliyofutwa vibaya huacha kazi yake humo.

5. Fuata nyaya za nje. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, SMS. Kwa kila moja andika anwani inayopokea taarifa ya malipo, na uulize kama mtoa huduma anaruhusu IP ya seva ya zamani tu. Ikiwa ndivyo, siku ya kuhama malipo yatakwama hata kama plagini ni nzima.

Kisha waulize watu: katibu, mhasibu, prefe (mkuu wa shule). Fomu ya kuandikisha wanafunzi huamka karibu na Septemba. Logi za Aprili hazitakuonyesha chochote.

6. Zima moja moja kwenye nakala. `wp plugin deactivate jina`, halafu fungua kurasa. Mabano ya mraba yakitokea wazi mbele ya msomaji, plagini hiyo ilikuwa kazini.

Maswali ya wanachama

*Yaya, mimi sina laini ya amri, nina cPanel tu, ile paneli ya kusimamia seva kwenye kivinjari. Nifanyeje?*

Mdogo wangu, ingia phpMyAdmin (chombo cha kutazama hifadhidata, kimo ndani ya cPanel), chagua hifadhidata, fungua sehemu ya kutafuta, chagua majedwali yote, andika `[contact-form-7`. Ni polepole, lakini inapita majedwali yote kwa mara moja. Matoleo ya zamani yatatokea pia, uyaruke.

*Tulihamisha, tovuti ikawa nyeupe tupu. Plagini zote tulizihakikisha.*

Tafuta njia kamili za seva ya zamani. Wordfence, plagini ya ulinzi, huandika `auto_prepend_file` kwenye `.user.ini`, ikielekeza kwenye `wordfence-waf.php`, folda ikibadilika, PHP inasimama kabla WordPress haijaanza. WP Super Cache, plagini ya kuharakisha kurasa, nayo huacha `WPCACHEHOME` ndani ya `wp-config.php`. Rekebisha njia hizo, au ziondoe kwanza kisha uziweke upya huko uendako.

*Zile tulizozima, tuzifute lini?*

Baada ya mzunguko mzima wa kazi kupita. Za mhasibu, ngojea mwisho wa mwezi ufungwe. Za uandikishaji, ngojea Septemba ipite. Na uchague amri vizuri: `wp plugin delete` huondoa mafaili tu, lakini `wp plugin uninstall` na kitufe cha kufuta kwenye dashibodi huendesha usafishaji wa plagini yenyewe, na baadhi hufuta majedwali yao pamoja na orodha ya wanafunzi iliyomo.