Upasuaji wa Titi wa Kurudi Siku Hiyohiyo: Mambo ya Kupanga Kabla Mgonjwa Hajatoka Kijijini

Upasuaji wa kansa ya titi ambao mgonjwa anaruhusiwa jioni ileile unamfaa anayekaa karibu na hospitali. Mgonjwa wa Bombo, karibu na Kampala, anaweza kulala kwake. Wa Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, hawezi. Kwa hiyo msikubali tarehe kabla ya kujua usiku wa kwanza atalala wapi, na nani atakuwa naye.

Saa 24 za kwanza ndizo za kuogopa damu kuvujia ndani: kifua kinavimba ghafla, kinakuwa kigumu, ngozi inageuka zambarau, maumivu yanazidi hata baada ya dawa. Hapo mgonjwa hurudishwa thieta (chumba cha upasuaji), na basi likishafika Karuma, njiani kwenda Arua, thieta iko mbali. Tafuteni chumba kwa ndugu au gesti ambako mtafika hospitali ndani ya saa moja hata kukiwa na foleni, na muwe na namba ya bodaboda au teksi anayekubali kuamka usiku. Pesa za usafiri huo zikae kando, zisiguswe.

Anayemuuguza awe mtu mzima, asilale mbali naye, na aelewe lugha ya wauguzi. Mgonjwa akijua Kilugbara na Kiswahili tu, maelezo yakatolewa kwa Kiganda au Kiingereza wakati dawa ya usingizi haijamtoka, hatakumbuka chochote.

Kabla ya siku yenyewe, mwambieni daktari dawa zote anazotumia, na za mitishamba pia, kwa kuwa baadhi huongeza kutoka damu. Dawa za presha, za sukari na za virusi vya UKIMWI zisisimamishwe kwa uamuzi wa nyumbani. Ulizeni ipi imezwe asubuhi ile. Kwa kawaida chakula hukoma muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu saa 2 kabla. Chai ya maziwa na uji ni chakula. Wengi huahirishiwa kwa kikombe kimoja cha chai, nauli ikapotea.

Mpira wa kutoa maji ya kidonda ndio unaosumbua zaidi nyumbani. Titi likiondolewa, au tezi za kwapani, mgonjwa hutoka na mpira ulioungwa kwenye chupa laini inayovuta maji kwa kuminywa. Nunueni mapema kikombe chenye alama za mililita, daftari, sabuni na pini kubwa. Anayeuguza ananawa, anabana mpira, anafungua kizibo, anamwaga kwenye kikombe, anaandika kiasi na rangi. Kisha anaiminya chupa mpaka ilale bapa, na anaifunga akiwa bado ameiminya. Akiifunga imejaa hewa haitavuta kitu. Maji yatajikusanya chini ya ngozi na kidonda kitafumuka au kuoza. Chupa ipachikwe kwa pini kwenye nguo, chini ya usawa wa kidonda, isining'inie. Ikiacha kutoa ghafla huku kifua kikivimba, mpira umeziba au umejikunja.

Mara nyingi mpira hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Inaweza kuchukua wiki moja au mbili. Nani atautoa? Mgonjwa akitaka kurudi kwao mapema, ombeni barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ieleze upasuaji uliofanywa na nani apigiwe simu. Msitegemee kituo kidogo kitajua chupa ile ni ya nini. Homa ya nyuzi 38, usaha au wekundu unaosambaa havisubiri tarehe ya kliniki.

Nguo ziwe za kufunguka mbele. Nyumbani, jerikeni ya lita 20 ni kilo 20: kwa wiki 4 hadi 6 achotewe maji, na jembe apewe mwingine. Kazi hiyo igawanywe kwa majina kabla hajaondoka, la sivyo atabeba mwenyewe. Lakini mkono usifungwe kama uliovunjika. Tangu kesho yake auinue hadi usawa wa bega, ajichane nywele. Bega likikauka, atashindwa kulaza mkono juu ya kichwa wakati wa mionzi.

Mwisho, ulizeni kinyama kilichotolewa kinapelekwa maabara gani, nani anakipeleka, na nani analipa. Majibu yale, pamoja na vipimo vya homoni na HER2 (protini inayoweza kuchochea kansa kukua), ndiyo yanayoamua dawa zinazofuata. Acheni namba mbili za simu, na moja iwe ya mtu anayeshinda penye mtandao.