Kabla hujaenda Nicodemus, Kansas

Wenzetu wengi tuliohamia Marekani kutoka Afrika wako Kansas City na Wichita, na safari zao zote ni Chicago au Dallas. Nawashauri siku moja washike barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, mwendo wa saa tano hivi kutoka Kansas City, wafike kijiji cha Nicodemus, mji uliojengwa na Weusi waliotoka utumwani. Ila msome habari zake kabla ya kuondoka. Kwa macho matupu mtakuta vijibarabara vichache, majengo matano ya zamani, wakazi wasiofika 30, na mashamba ya ngano na mtama hadi macho yanapochoka. Asiyejua kisa chake atapiga picha mbili na kugeuza gari.

Kisa ni hiki. Mwaka 1877, miaka 12 tu baada ya utumwa kupigwa marufuku Marekani, Weusi kutoka Kentucky walikuja kuanzisha mji wao. Matangazo yaliwaahidi ardhi nzuri. Septemba mwaka huo kundi la watu zaidi ya 300 lilishuka kwenye treni katika mji wa Ellis, likatembea kwa miguu kama kilomita 50 kwenda kaskazini. Miti ya kujengea hakuna, kwa hiyo watu walichimba makazi ardhini. Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia kwamba aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Alilia. Baadhi walirudi walikotoka. Waliobaki walijenga makanisa, shule, hoteli, na hata wakawa na magazeti mawili. Mkazi mmoja wa huko, Edward McCabe, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882. Halafu mwaka 1888 reli ikapitishwa ng'ambo ya mto, wenye maduka wakaifuata hadi mji jirani wa Bogue, na mji ukaanza kupungua.

Mkipita Ellis, shukeni hata dakika kumi mtazame upande wa kaskazini. Kilomita 50 kwenye ramani si kitu. Mkiwa mmesimama kwenye upepo ule, na watoto wakilalamika baridi au jua, ndipo mtaelewa. Kisha endeleeni hadi WaKeeney, mpande na barabara ya 283 mpaka Hill City, halafu mashariki kwa barabara ya 24 kama kilomita 20.

Jazeni mafuta Hill City. Nicodemus hakuna kituo cha mafuta wala hoteli ya chakula, kwa hiyo maji, chapati na kuku wa kukaanga viwe ndani ya gari. Mtandao wa simu husumbua njiani. Pakueni ramani mapema. Jioni kulungu huvuka barabara bila taarifa, punguzeni mwendo. Mei na Juni fuatilieni taarifa za kimbunga, na king'ora kikilia msijifiche chini ya daraja la barabara, upepo hapo ni mkali zaidi. Tafuteni jengo imara. Mwenye grini kadi (kadi ya ukazi wa kudumu) aibebe yenyewe, maana sheria inamtaka awe nayo. Polisi akikusimamisha, baki kwenye gari, mikono juu ya usukani, subiri aseme anachotaka.

Dereva mtakayepishana naye atainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hiyo ni salamu, mrudishieni.

Anzieni ukumbi wa mji, jengo la mawe lililojengwa mwaka 1939. Hapo ndipo ofisi ya wahifadhi wa serikali kuu ilipo, kwa kuwa mji ni eneo la kihistoria la taifa tangu 1996. Kiingilio hakuna. Baadhi ya majengo ni mali ya watu, basi msichungulie madirishani wala kuingia uani bila hodi.

Wakati mzuri kuliko wote ni wikiendi ya mwisho ya Julai, vizazi vya waanzilishi wanaporudi nyumbani kutoka kila kona ya Marekani kwa gwaride, ibada na chakula. Wageni hukaribishwa. Ukisema umetoka Mombasa au Bukavu utaulizwa mengi. Jibu, lakini usiwageuzie somo la Afrika. Wewe ndiye mgeni, waache wazee wakuhadithie ya kwao.

Vyumba vya Hill City ni vichache na wikiendi hiyo hujaa mapema. Hays kuna hoteli nyingi, mwendo wa saa moja hivi.