Unatafuta bodi ya kamera ya harusi? Anza na sloti za kadi

Jamani kabla hujauliza megapikseli, uliza ina sloti ngapi za memori kadi. Harusi hairudiwi, kadi ikigoma na ulikuwa na moja tu utamwambia nini bi harusi? Nikon Z6 ya 2018 ni kamera nzuri ila sloti moja, Z6 II ya 2020 ina mbili, Sony A7 III pia mbili, unaiseti iandike picha ileile kwenye kadi zote.

Megapikseli 24 zinatosha hata kwa albamu kubwa, hela inayobaki weka kwenye lenzi ya f/2.8 (tundu lake ni pana, linaingiza mwanga mwingi), maana ukumbini usiku MC kashazimisha taa keki inaingia, hapo uko ISO 6400 (umeongeza sana wepesi wa kamera kwenye mwanga hafifu) na bado sura za watu zinatakiwa zionekane. Mwenye lenzi za zamani za Canon EF asiziuze, kamera mpya zaidi ya Canon R6 inazipokea kwa adapta.

Ukichukua yuzdi Kariakoo ulizia shata kaunti, yaani imeshapiga picha ngapi, halafu piga ukuta mweupe kwa f/16 (tundu dogo la lenzi), uchafu wa sensa, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, utauona kama vidoti vyeusi. Shata ya kimya kanisani tamu sana ila kwenye taa za LED inaweza kuleta mistari, ijaribu hapohapo dukani muuzaji akikununia mwache anune.